Nilivyomchuja Mjomba

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Mbulu mjini. Mimi niko Katesh, chini ya mlima Hanang. Kwa miezi karibu saba alikuwa anafungua mchezo wa sataranji mtandaoni kila jioni baada ya taarifa ya habari, anakaa anasubiri nitokee. Na mimi kila jioni nilikuwa humohumo ndani, nacheza na Mturuki, Mhindi, Mbrazili, yeyote yule. Hatukukutana hata mara moja. Yeye alidhani namkwepa. Mimi nilidhani ameacha kucheza.

Kumbe ni chujio. Unapotafuta mpinzani kwenye mtandao ule, unaruhusiwa kusema unataka mtu wa alama ngapi hadi ngapi. Nilikuwa nimeweka kwamba chini ya 1400 sitaki. Mjomba ana 1180. Mchezo wake haukuwa unaonekana kwangu, na wangu haukuwa unaonekana kwake. Ni kama watu wawili wamekaa baraza moja halafu kila mmoja anaona benchi tupu. Tungeweza kualikana kwa majina, sawa, lakini mjomba hajui hayo. Kwake yeye mchezo ni kukaa mahali watu wanapokaa na kungoja. Simlaumu aliyetengeneza programu; kidole kilichobonyeza pale ni changu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza hili wazo la kumkataa mtu kabla hujamwona uso lilitoka wapi. Maana mjomba hakunifundisha hivyo. Alinianzishia na drafti, ile ya vizibo vya soda, upande mmoja vimelala kifudifudi na mwingine chali, ubao umechorwa kwa makaa. Kijiweni sheria ilikuwa moja: ukifungwa, unainuka. Aliyeshinda anabaki, na anayefuata kwenye foleni ndiye mpinzani wake, awe bingwa wa stendi au mtoto aliyetumwa chumvi akapitiliza. Hakuna aliyeuliza kiwango. Nilifungwa na watu waliokuwa mbali mno na uwezo wangu, tena mbele za watu, na hapo ndipo nilipojifunza.

Sataranji yenyewe ilikuwa na vijiwe vyake. Jina tunalotumia Waswahili limetoka kwa Waarabu, shatranj, nao waliupokea mchezo kutoka Uajemi, na Waajemi kutoka India. Katika Baghdad ya karne ya 9 alikuwepo bingwa aitwaye al-Adli, na enzi hizo tayari wachezaji walikuwa wamepangwa kwa madaraja. Nilipokutana na habari hiyo mara ya kwanza nilidhani nimelipata chimbuko la chujio. Hapana. Madaraja yale yalikuwa na kazi nyingine kabisa: yalionyesha mkubwa amwachie mdogo nini ili wacheze. Tofauti ikiwa ndogo, mkubwa anaondoa askari mmoja ubaoni kwake kabla ya kuanza. Ikizidi, anaondoa farasi. Ikizidi sana, ngome. Yaani kipimo kilikuwepo, lakini kilikuwa cha kuwakutanisha.

Desturi hiyo haikufa haraka. Paris palikuwa na mgahawa wa kahawa uitwao Café de la Régence, walikopita Philidor na Rousseau, kijiwe kwa kila maana tunayoijua isipokuwa viti. Mwaka 1858 akaingia humo kijana wa miaka 21 kutoka New Orleans, Paul Morphy, akacheza na watu 8 kwa mpigo bila kutazama ubao hata mmoja. Aliporudi Marekani mwaka 1859 alitangaza kwamba yuko tayari kucheza na Mmarekani yeyote, ila kwa kumwachia askari mmoja na kumpa haki ya kuanza. Majivuno? Labda. Lakini hebu yatazame vizuri: mtu mwenye nguvu kuliko wote anatafuta namna ya kucheza na yeyote. Mimi mwenye 1490 natafuta namna ya kumkwepa mstaafu.

Hesabu ndiyo iliyotubadilisha. Arpad Elo alizaliwa Hungaria mwaka 1903, akawa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette, Milwaukee. Mfumo wake ulipokewa na chama cha sataranji cha Marekani mwaka 1960, na shirikisho la dunia, FIDE, likaufuata mwaka 1970. Ndani yake kuna wazo zuri: alama zako ni utabiri tu. Ukimzidi mwenzako alama 200, unatarajiwa kupata robo tatu hivi ya pointi. Ukimzidi 400, karibu pointi 10 katika michezo 11. Ukifanya kinyume cha utabiri, unarekebishwa.

Ubaya ni kwamba utabiri una bei. Chukua mimi na mjomba, tofauti ya kama alama 300. Kwa kanuni ya Elo, mchezo mmoja ukiwa na uzito wa 20, nikimfunga napata alama 3. Akinifunga napoteza 17. Sasa mtu mwenye akili timamu atatafuta nini huko? Na mimi usiku ule sikuwa mtu mwenye akili timamu sana; nilikuwa nimedondoka kutoka 1520 na nilitaka kurudi. Nikaweka chujio nisipotezewe. Ndiyo historia yote ya kosa langu.

Mtandao ukalirahisisha jambo. Mwaka 1992 ilianza seva ya kwanza kubwa ya sataranji kwenye intaneti, watu wakicheza kwa kuandika amri. Baadaye, kwenye seva zilizoifuata, ukawa unaandika kabisa kwenye amri unataka mpinzani wa kuanzia alama kadhaa hadi kadhaa. Siku hizi ni kusogeza kidole tu. Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, bure na bila matangazo, ina mashindano ya waliopo chini ya 1500, chini ya 1700, chini ya 2000. Hayo siyapingi hata kidogo. Anayejifunza akipigwa michezo 20 mfululizo anaacha. Nimewaona wanafunzi wameacha. Ukuta wa kumkinga mdogo ninauelewa. Ninaousemea ni ule anaoujenga mkubwa kujikinga na mdogo.

Maana fikiria Phiona Mutesi. Binti wa Katwe, Kampala, aliyefundishwa na Robert Katende. Tim Crothers aliandika kitabu juu yake mwaka 2012 na filamu ikafuata mwaka 2016. Mwaka 2010 alikwenda Olimpiadi ya sataranji Khanty-Mansiysk, Urusi, na mchezo wake wa kwanza akapangwa na bingwa wa Kanada, Dina Kagramanov. Alishindwa. Lakini alikaa mezani, kwa sababu Olimpiadi haikuwa na sehemu ya kuandika simtaki wa chini ya kiasi fulani. Miaka miwili baadaye, Istanbul, alipata taji lake. Kwenye ukumbi wangu wa usiku ule, Phiona wa 2010 asingeonekana.

Na hapa kwetu tunaye John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu. Mexico City, 1968: alianguka, akaumia goti, akaendelea hadi mwisho, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa nzima nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyetumia saa 2 na dakika 20. Kwa Olimpiki ya Paris 2024, kiwango cha kufuzu marathoni wanaume kilikuwa saa 2, dakika 8 na sekunde 10. Najua, viatu vimebadilika, mazoezi yamebadilika, ulinganisho si wa haki. Lakini kwa chujio hilo hata Mamo Wolde mwenye dhahabu angebaki nyumbani. Na Akhwari hakuwa dhaifu: mwaka 1970, Edinburgh, alikuwa wa 5 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Sisi watoto wa Mbulu tulikua tukisimuliwa mbio za yule wa mwisho. Jina la mshindi nililisoma nikiwa mtu mzima.

Nilikwenda Mbulu kumwomba mjomba radhi. Nikamweleza habari ya chujio, alama, 3 na 17. Alinisikiliza huku anakunywa chai, kisha akauliza, "Kwa hiyo uliniona mimi ni hasara?"

Sikuwa na jibu. Nikatoa simu, nikafuta chujio mbele yake, nikamwambia kwamba tunaweza kupanga ubao tunavyotaka, na kwamba kuanzia sasa nitamwachia farasi, kama walivyofanya wa Baghdad. Alinuna kidogo. Akakubali, kwa sharti kwamba ni kwa muda.

Jumapili iliyopita, mimi Katesh yeye Mbulu, bando langu linakaribia kukata, alinifunga kwa hatua 31. Dakika mbili baadaye akapiga simu. "Mpwa wangu, huyo farasi mrudishe. Sasa nataka askari tu."