Kibao cha Chesisi: Magari ya Njia ya Nakapanya na Swali la Nchi Yalikoundwa

Matrekta mengi yaliyoletwa Tanganyika kuanzia mwaka 1947 kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga yalikuwa mitumba. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na haina mafuta ya kupikia, ikayaokota mabaki ya majeshi huko Ufilipino na Misri, ikayapakia melini. Mengi yalikuwa ya Kimarekani, ya viwanda vyenye sifa, lakini yalishuka bandarini yakiwa na kutu na bila spea. Halafu likaja dude jingine liitwalo Shervick: kifaru cha Sherman kilichoundwa Marekani, kikavuliwa mzinga na kampuni ya Vickers ya Uingereza, kikageuzwa trekta. Nusu ya jina Sherman, nusu Vickers. Lilikuwa gari la nchi gani? Ardhi ya Kongwa, mradi ulikoanzia, haikuuliza. Jua lilipoipiga ilikakamaa, ikavunja majembe ya Mwingereza na ya Mmarekani bila upendeleo. Mwaka 1951 mradi ulifungwa kwa hasara ya takriban pauni milioni 36. Huku kusini ulituachia Nachingwea, bandari ya Mtwara, na reli ambayo haikufika hata katikati ya miaka ya 60 kabla ya kung'olewa.

Nachingwea si jirani wa karibu wa Nakapanya, lakini ni wa ukanda mmoja, na mashine zilizokuja huko zilifungua hesabu ambayo bado haijafungwa. Nakapanya ni kata ya Wilaya ya Tunduru, upande wa mashariki wa Mkoa wa Ruvuma, katikati ya Tunduru mjini na Mangaka ya Nanyumbu. Ni nchi ya Wayao, na ya mikorosho. Anayetoka Mtwara kwenda Songea kwa barabara hii hana njia ya kuikwepa. Kwa hiyo kila aina ya gari iliyowahi kuaminiwa kusini imepita hapa, na nyingi zimelala hapa zikisubiri spea. Swali la kijiweni, kwamba gari la nchi gani ndilo gari, lina historia ndefu kwenye njia hii kuliko lami yake.

Desturi ya kuipa nchi sifa ya bidhaa ilianza kama fitina. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya alama za bidhaa, iliyotaka vitu vya kigeni vipigwe chapa ya nchi vilikotoka. Walengwa wakubwa walikuwa Wajerumani, waliokuwa wakiuza visu na vyuma vya bei ya chini vilivyofananishwa na vya Sheffield. Chapa ilikusudiwa kumwaibisha Mjerumani. Baada ya muda mfupi wanunuzi wakaanza kuitafuta hiyo hiyo. Japani nayo ilipitia tanuri hilo. Toyota walipopeleka gari lao la Crown Marekani mwaka 1957, halikuweza mwendo wa barabara kuu za huko, na haikuchukua muda wakaliondoa sokoni. Anayesema leo kwamba Mjapani alizaliwa na ubora mkononi hajasoma ukurasa huo.

Kusini mwa Tanganyika jina la kwanza kuogopwa lilikuwa la Kiingereza. Malori yalikuwa Bedford na Leyland, na bwana shamba na bwana wilaya walipanda Land Rover. Land Rover ilianza kuuzwa mwaka 1948, na bodi lake la aluminiamu, ambalo wengi walilichukulia kuwa hekima ya wahandisi, lilitokana na shida: chuma kiligawiwa kwa kibali Uingereza baada ya vita, aluminiamu ya ndege ilikuwa tele. Bati lile lisiloota kutu likawa neema kwa nchi za mvua. Shida ya kiwanda huko Solihull ikawa sifa ya gari Tunduru. Nautaja mfano huu kila ninapoambiwa kwamba ubora hupangwa wote mezani.

Kisha ikaja Peugeot. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953, zilikuwa soko la wazi la sifa za magari Afrika Mashariki, na miaka ya 1966 na 1967 aliyeshinda alikuwa Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, akiwa na Peugeot 404. Baada ya hapo kumwambia mtu gari la Kifaransa ni laini ilikuwa kutafuta ugomvi. Lakini mwaka 1970 na 1971 Edgar Herrmann akashinda kwa Datsun, na lile neno la dharau, "gari la Mjapani", likaanza kupungua nguvu. Barabara za vumbi za nchi tatu zilifanya kazi ambayo tangazo la gazeti halingeiweza.

Hapo ndipo nchi zetu zilipoamua kuunda zenyewe. Kenya ilipata viwanda vitatu katika miaka michache: Leyland mjini Thika, General Motors Nairobi, ambayo tangu 2017 ni Isuzu East Africa, na Associated Vehicle Assemblers Mombasa. Tanzania ilikuwa na kiwanda cha TAMCO Kibaha, kilichounganisha malori ya Scania kwa ushirikiano na Waswidi. Jeshi nalo likaanza kazi ya gari la Nyumbu, hapo hapo Kibaha. Uingizaji wa magari ukawekwa mikononi mwa Shirika la Magari la Taifa. Hata baiskeli tukaunda, ile Swala ya NABICO ya Dar es Salaam, iliyobanana na Phoenix ya China na Raleigh ya Uingereza kwenye njia za mashamba.

Kuunganisha si kufyatua gari kutoka chuma ghafi. Lori lilikuja kwenye makasha, vipande vipande: injini imefungwa tayari, gia boksi imefungwa tayari, chesisi, kabini, nyaya. Kazi ya Kibaha ilikuwa kukaza, kuchomelea, kupaka rangi, kujaribu. Mkono wa fundi wa hapa uligusa sehemu ndogo ya kile ambacho kingeamua kama lori litafika Songea. Silinda zilitobolewa Uswidi, na difu ilitoka huko huko. Akikosea kukaza bolti, bolti hiyo ingelegea wiki ya kwanza na utingo akaikaza. Kosa la kiwanda cha kuunganisha huonekana mapema na hurekebishika. Kosa la kiwanda cha injini hujificha hadi siku ya mvua.

Kwa nini basi magari yaliyounganishwa nyumbani yalipata jina baya? Jibu langu, na ninalishikilia, ni kwamba ubora wake uliharibikia dirishani pa benki, si kwenye karakana. Mafuta ya petroli yalipanda bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, vita vya Kagera vikamaliza akiba, na fedha za kigeni zikaisha. Ulikuwa wakati ambao magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Makasha hayakuja na spea hazikuja. Lori lililokosa bushi ya shilingi chache lilipandishwa juu ya magogo, likaliwa vipande na malori mengine. Aliyepita akaliona limelala, akasema: la Kibaha hilo. Hakusema kwamba la Uswidi lililokuwa nyuma yake limelala pia, kwa bushi ile ile.

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa, na mlango haukufungwa tena. Miaka ya 90 ikaleta mafuriko ya magari yaliyotumika Japani. Wengi hudhani yalikuja kwa sababu ni imara. Kuna sababu ya pili isiyosemwa sana: Mjapani huendesha kushoto kama sisi, na sheria ya kwao ya ukaguzi humlazimisha mwenye gari kulipeleka likaguliwe kwa gharama kubwa, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Wengi huona heri waliuze. Gari linalofika Dar es Salaam limetunzwa kwa amri ya serikali ya huko na limetembea kwenye lami. Ubora tunaousifu ni wa kiwanda kwa sehemu, na kwa sehemu ni wa mkaguzi.

Ukitaka kuona jinsi jina la nchi linavyodanganya, linganisha magari mawili ya Toyota, yote ya Japani. La kwanza ni Land Cruiser ndefu, ile tunayoiita Mkonga kwa bomba lake la hewa lililopanda kando ya kioo. Injini yake ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, ilitoka mwaka 1990 na ikaendelea kuundwa kwa ajili ya nchi zenye barabara kama zetu. La pili ni Noah ya kuanzia 2001 yenye injini ya D4, inayopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Kwao ni gari la familia, lisilokula mafuta mengi. Huku, kwa petroli iliyokaa kwenye dumu na kuuzwa kwa chupa kando ya barabara, pampu na nozeli zake huwa mradi wa fundi. Mafundi wengi ukiwatajia D4 hukunja uso kabla hujafungua boneti. Nchi moja, kampuni moja, nidhamu moja ya kazi. Moja limeundwa kwa ajili ya njia ya Nakapanya na jingine kwa ajili ya mtaa wa Nagoya.

Majaribio makubwa ya swali letu yalifanyika mbali. General Motors walikuwa na kiwanda Fremont, California, chenye sifa mbaya ya utoro na kazi ovyo. Walikifunga mwaka 1982. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI, na sehemu kubwa ya wafanyakazi wakiwa wale wale. Jengo lile lile, mji ule ule, ila utaratibu mpya: mfanyakazi akiona kosa alivuta kamba na mstari mzima ukasimama. Baada ya muda mfupi magari yake yakawa yanalinganishwa na yale ya Japani. Na watafiti waliopima viwanda duniani katika miaka ya 80, wakachapisha kitabu chao mwaka 1990, walikikuta kiwanda cha Ford cha Hermosillo, Mexico, kikiongoza kwa ubora wa kuunganisha, wakati wanunuzi wengi wa Marekani wangekiweka mkiani.

Kwa hiyo anayebishana leo kuhusu Hilux ya "South", yaani Afrika Kusini, na ya Thailand, au Fuso ya Japani na ile ya Chennai, India, ambayo imekuja Afrika Mashariki tangu 2013, anabishana juu ya jambo la kweli lakini ameshika ncha isiyo yake. Tofauti zipo. Hilux za masoko mbalimbali hupewa springi, vichujio na injini tofauti kwa kuwa kila soko lina barabara na mafuta yake. Fuso ya Chennai haikukusudiwa kuwa nakala ya ile ya Kawasaki. Ni lori jingine lenye jina la ukoo. Muulize muuzaji liliundwa kwa ajili ya soko gani, na spea zake ziko wapi. Ukijibiwa "ziko Dar", tayari una siku mbili za kusubiri.

Na mabasi ndiyo usiyathubutu kuyauliza uraia. Kwa miaka mingi basi la kusini lilikuwa chesisi ya Scania, bodi lililochomelewa Nairobi au Dar es Salaam, viti vya fundi mwingine, na shokapu za duka lolote lililokuwa wazi. Chesisi ile ingeweza kutoka Uswidi au Brazili, kwa kuwa Scania wana kiwanda São Bernardo do Campo tangu 1962. Wachina walipoleta basi zima, bodi na chesisi vya nyumba moja, abiria walilalamika mwanzoni, kisha wakazoea kiyoyozi.

Mabishano haya yote, hata hivyo, yalikuwa yakifanyika juu ya vumbi. Barabara ya Mangaka, Nakapanya hadi Tunduru ilikuwa ya udongo hadi muongo uliopita. Masika ilikuwa tope, kiangazi ilikuwa mawimbi magumu yanayolegeza kila nati. Lami ilipokamilika, Rais John Magufuli akaifungua rasmi Aprili 2019. Matokeo yake ni somo zuri zaidi kuliko kitabu chochote cha uhandisi: magari madogo ambayo zamani yasingethubutu kuvuka Tunduru, Probox za michomoko na Noah zile zile zilizotukanwa, sasa yanapita Nakapanya kila siku, na pikipiki za India na China zimejaa. Hayakubadilishiwa kiwanda. Yalibadilishiwa barabara.

Jambo moja linanisumbua. Magari ya zamani yaliyolala nyuma ya nyumba kuanzia Songea hadi Masasi yanauzwa kama chuma chakavu, kwa kilo, na kibao kidogo cha bati chenye namba ya chesisi na jina la kiwanda kinakwenda tanuruni pamoja na kabini. Kibao hicho hakitakuambia kama gari lilikuwa zuri. Kitakuambia liliunganishwa Kibaha, Thika au Luton, na ndicho ushahidi pekee tulio nao wa mahali mengi ya malori hayo yalikopitia. Ndugu msomaji, kama babu yako aliacha Bedford, Scania ya Kibaha au baiskeli ya Swala, kabla ya mwenye mizani hajafika ng'oa kibao, tafuta kadi ya gari, uvipeleke Makumbusho ya Majimaji, Songea.