Hiari, Lazima na Mzigo wa Mpagazi

Wale tuliosoma kidato cha tano na cha sita kati ya mwaka 1997 na 1999 hatujasahau midahalo ya Ijumaa jioni katika bwalo la chakula. Mmoja ulikuwa na hoja hii: jeshi la watu wa hiari ni bora vitani kuliko jeshi la watu wa lazima. Jambo lenyewe lilitugusa. JKT kwa mujibu wa sheria lilikuwa limesimamishwa mwaka 1994, na kaka zetu waliotutangulia walikuwa wakitucheka kwamba sisi ni vijana wa mayai, hatujui buti wala mchakamchaka. Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa upande wa kuunga mkono, na tulishinda kwa kura nyingi. Leo, baada ya miaka mingi ya kusoma na kuutumikia umma, naomba nafasi katika gazeti letu niikosoe hotuba yangu mwenyewe.

Silaha yangu siku ile ilikuwa baba wa babu yangu, Mgogo wa huko kwetu Dodoma. Niliieleza hadhara kwamba mwaka 1917 alijitolea kuchukua mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, akafia huko. Nikasema mtu aliyejitolea hahitaji kusukumwa. Bwalo likalipuka kwa makofi.

Likizo ilipofika nilimsimulia babu kwa majivuno. Babu alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi wakati baba yake alipoondoka. Akaniuliza, "Ukawaambia alijitolea?" Nikaitikia. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, baba alichukuliwa usiku. Jumbe aliamriwa alete watu, naye akaleta wale wasio na wa kuwatetea. Neno la kujitolea tulilisema sisi wenyewe baadaye, ili mama apate kulala."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka kusoma historia Chuo Kikuu, na nilichokiona huko ni hiki.

Vita vilipoanza Agosti 1914, Uingereza haikuwa na sheria ya kuwalazimisha raia wake kuingia jeshini. Waziri wa Vita, Kitchener, aliomba watu wa kujitolea, na kabla ya mwaka kwisha zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wamejiandikisha. Lakini mauaji ya Ufaransa yalikula watu kuliko hiari ilivyoweza kuleta. Januari 1916 Bunge lilipitisha sheria ya lazima kwa wanaume wasiooa, na miezi michache baadaye wakaongezwa waliooa. Hata hivyo, lazima ile ilikuwa na mipaka. Ilijadiliwa Bungeni. Yaliundwa mabaraza ya kusikiliza wenye udhuru: mgonjwa, mwenye wazazi wanaomtegemea, hata yule ambaye dhamiri yake ilimkataza kuua. Wengi walikataliwa, lakini walau walisikilizwa. Na aliyekufa, awe wa hiari au wa lazima, jina lake lilichongwa katika jiwe.

Sasa tuje kwetu. Vita vya Afrika ya Mashariki vilipiganwa katika nchi isiyo na barabara za kutosha, ambamo mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe. Hapakuwa na njia nyingine ila kichwa cha mtu. Wajerumani walianza vita wakiwa na askari wa Kiafrika kama 2,500 tu, lakini nyuma ya askari hao, na nyuma ya wale wa Waingereza, palikuwa na umati wa wapagazi. Katika Kenya ya leo, sheria ya mwaka 1915 iliruhusu kuwachukua watu kwa nguvu, na mwaka 1917 ukafanyika msako mkubwa uliowakumba zaidi ya watu 100,000. Upande wa Waingereza peke yake inakadiriwa kwamba, kwa miaka yote ya vita, wapagazi walifika milioni 1. Hesabu rasmi ya waliokufa ilizidi 40,000. Wataalamu wa historia wanaona idadi ya kweli inakaribia 100,000. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na unga wa mahindi usioiva waliopewa watu waliozoea vyakula vingine.

Huko kwetu Ugogo pigo lilikuwa mara mbili. Majeshi yalichukua nafaka na ng'ombe, kisha yakachukua mikono ya kulima. Ikafuata njaa ambayo wazee waliiita Mtunya, iliyoua maelfu ya watu. Hivyo hata aliyebaki nyumbani alikuwa ameingizwa vitani bila kuulizwa.

La hasha, sisemi kwamba hapakuwa na wa hiari. Walikuwapo askari waliojiandikisha wenyewe kwa sababu ya mshahara. Lakini mtu anayedaiwa kodi ya kibanda, naye hana fedha, hiari yake nayo ina kamba shingoni. Hapo ndipo nilipotambua kosa la mdahalo wetu. Tuliuliza kama mtu alikwenda kwa hiari au kwa lazima, tusiulize ni nani aliyeamua, ni nani aliyesamehewa, na ni nani aliyebaki na deni.

Ninyi mnaopita katikati ya jiji la Dar es Salaam mnaifahamu Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi kwa heshima na kuahidi kwamba wana watayakumbuka majina ya baba zao. Ni majina gani? Hapo hakuna hata moja. Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Jina lililobaki la wapagazi ni Kariakoo, tunapokwenda kununua nyanya na vitenge bila kukumbuka kwamba hapo palikuwa na kambi yao.

Kazi yangu serikalini ni ya majalada na orodha, kwa hiyo jambo hili linanichoma zaidi. Taifa lililovamiwa laweza kulazimika kuwaita wanawe, kama tulivyoitana mwaka 1978 katika vita vya Kagera, walipokwenda wanajeshi, wanamgambo na vijana wa JKT. Sipingi mwito wa namna hiyo. Lakini anayemwita mtu kwa lazima ana wajibu mkubwa kuliko anayempokea kwa hiari: amwite kwa sheria inayomgusa mtoto wa jumbe na wa yatima sawasawa, na aliandike jina lake.

Miongoni mwa wanafunzi wa zamani wa shule yetu wamo waliovuka mto Kagera. Ukutani mwa bwalo kuna mbao za majina ya viranja wakuu na mabingwa wa mpira. Ya hao hayapo. Naomba kila mmoja aje kwenye mkutano wetu ujao na jina analolijua, bila kuuliza kama mwenyewe alijitolea au aliitwa. Ubao nitaulipia mimi.