Kutoka Kilburn hadi Mkunazini: Fumbo la Ibada

Ukishuka treni katika kituo cha Kilburn Park, hutembei sana kabla ya kuuona mnara mrefu uliochongoka, wa futi 254. Ni wa kanisa la St Augustine's. Wengi wetu tunaoishi pande hizi tumepita chini yake mara nyingi, mbio mbio kuelekea kazini, bila kuuliza habari zake. Leo tuziulize, kwani habari hizo zinatufikisha hadi Mkunazini, Unguja.

Mwaka 1867, katika kanisa la St Mary's la hapa hapa Kilburn, alikuja paroko mpya ambaye hakupenda ibada za fahari, zile za mishumaa, ubani na kanzu zilizotariziwa. Padri msaidizi, Richard Carr Kirkpatrick, akaondoka pamoja na baadhi ya waumini, wakaanza kujenga kanisa lao. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1871, kwa ramani ya John Loughborough Pearson. Kanisa likawekwa wakfu mwaka 1880, na mnara ukakamilika mwaka 1898.

Halikuwa jambo dogo. Mwaka 1874 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia ibada za namna hiyo katika Kanisa la Anglikana, na mapadri watano wakafungwa jela kwa kuikaidi. Mtu afungwe kwa ajili ya mishumaa? Lakini nyuma ya mishumaa palikuwa na swali zito: je, Mungu huabudiwa kwa kuelezwa tu, kama mwalimu aelezavyo hesabu ubaoni, ama pia kwa kusujudu mbele ya jambo ambalo akili haiwezi kulimaliza?

Jambo hilo sisi tunaliita fumbo, neno litokalo katika kufumba: twafumba macho, twafumba mdomo, twafumba kiganja. Ajabu ni kwamba hata neno la Kiyunani, mysterion, wataalamu hulirudisha kwenye kitenzi chenye maana hiyo hiyo ya kufumba. Wahenga wetu walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulifumbua. Fumbo la ibada haliko hivyo. La mshairi ukishalifumbua limekwisha, lakini hili kadiri uliingiavyo ndivyo lizidivyo kina, na mbele yake profesa na mpagazi hufumba macho sawasawa.

Sasa tuvuke bahari. Wamisionari wa UMCA waliokwenda Unguja walikuwa wa mrengo huo huo wa ubani. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, yule bingwa wa Kiswahili ambaye kitabu chake cha kufundishia lugha yetu kilitoka mwaka 1870. Inasimuliwa kwamba altare imesimama pale palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Basi anayepiga magoti pale hawezi kumtafuta Mungu huku akimsahau mtu aliyepigwa mijeledi.

Aliyelielewa hilo zaidi ni Frank Weston, mzaliwa wa London, aliyefika Unguja mwaka 1898, akawa askofu kuanzia mwaka 1908 hadi alipofariki mwaka 1924. Mwaka 1907 alitoa kitabu juu ya fumbo gumu kuliko yote: Mwana wa Mungu aliwezaje kuwa mtu kweli kweli pasipo kuacha kuwa Mungu? Mwaka 1916, wakati wa vita, aliongoza kikosi cha wapagazi kutoka Unguja. Mwaka 1920 aliandika kijitabu kuwashutumu wenzake Waingereza kwa kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi. Na mwaka 1923, katika mkutano mkubwa hapa London, aliwapa wapenda ubani wenzake sharti gumu: kama wamepigania haki ya kumwabudu Yesu altareni, watoke wakamtumikie katika mitaa ya maskini, la sivyo ibada yao ni bure.

Hakuwa malaika. Mwaka 1913 maaskofu wa Mombasa na Uganda walishiriki meza ya Bwana na Wapresbiteri na Wamethodisti kule Kikuyu, naye akawashtaki kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba ni wazushi. Hata anayeliheshimu fumbo aweza kudhani kwamba ufunguo wake anao yeye peke yake.

Nasi tujihadhari. Hapa ughaibuni tunabishana mno: hawa wa ubani, wale wa makofi na ngoma, kila mmoja akidai ibada ya kweli ni ya kwao. Huku wenzetu wanafagia maofisi usiku kucha, na asubuhi hakuna awasalimuye. Ukipita Kilburn Park, ingia humo kanisani, ukae kimya kidogo, ufumbe macho. Kisha ukitoka yafumbue vizuri, usije ukampita mtu wa kwanza utakayemkuta barabarani kana kwamba hayupo.