Vinywaji vya bangi

Vinywaji vya bangi ni vinywaji vilivyochanganywa na majani, maua au mafuta ya mmea wa mbangi (jina la kisayansi: Cannabis sativa). Vingi havina pombe: hutengenezwa kwa maziwa, chai, kahawa, maji ya matunda au maji yenye gesi. Hata hivyo hulevya, kwa sababu ya kemikali iitwayo tetrahidrokanabinoli (kifupi: THC) iliyomo katika mmea huo.

Vinywaji hivi vinauzwa kihalali katika nchi chache tu, kama vile Kanada. Nchini Tanzania, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba, kulima, kumiliki, kuuza na kutumia bangi kwa namna yoyote ni kosa la jinai. Kuitia katika kinywaji hakubadilishi jambo hilo.

## Jina

Neno "bangi" limetoka Uhindi, ambako "bhang" ni jina la majani ya mbangi na pia la kinywaji kinachotengenezwa kwa majani hayo. Katika Kiswahili mmea wenyewe huitwa mbangi au mbhangi, na majani yake bangi. Neno hilo lilifika pwani ya Afrika ya Mashariki kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi.

Kamusi za zamani za Kiswahili zina pia neno "majuni", lenye asili ya Kiarabu, kwa maana ya kitu kitamu cha kulewesha kilichotengenezwa kwa sukari pamoja na afyuni au bangi. Neno hilo linaonyesha kwamba watu wa pwani waliijua bangi ya kula, si ya kuvuta peke yake.

Maneno "kinywaji kisicho na kilevi" hutumiwa kwa kawaida kwa kinywaji kisicho na pombe. Kwa vinywaji vya bangi maneno hayo yanapotosha, kwani kinywaji kinaweza kukosa pombe kabisa na bado kikalevya.

## Historia

Nchini Uhindi bhang imenywewa kwa karne nyingi. Majani husagwa, huchanganywa na maziwa, sukari na viungo, kisha hunywewa hasa katika sikukuu za Kihindu za Holi na Mahashivaratri. Mreno Garcia de Orta, tabibu aliyeishi Goa, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1563. Serikali ya Kiingereza ya Uhindi iliunda tume ya kuchunguza matumizi ya bangi mwaka 1893, nayo ilimaliza kazi mwaka 1894. Sheria ya Uhindi ya mwaka 1985 inakataza maua na utomvu wa mbangi, lakini majani yakiwa peke yake hayamo katika katazo hilo. Kwa sababu hiyo bhang bado inauzwa katika baadhi ya majimbo.

Katika bara la Afrika bangi ilivutwa zaidi kuliko kunywewa. Vichwa vya viko vya maji vilivyopatikana katika pango la Lalibela nchini Ethiopia, vyenye mabaki ya bangi, vimekadiriwa kuwa vya karne ya 14. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita Zanzibar na bara kuelekea Ziwa Tanganyika miaka ya 1857 hadi 1859, aliandika juu ya watu wa bara wanaovuta bangi kwa viko vya maji.

Bangi iliingizwa katika udhibiti wa kimataifa kwa mkataba wa Geneva wa mwaka 1925, halafu kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961. Kanada ilihalalisha bangi tarehe 17 Oktoba 2018, na mwaka mmoja baadaye ikaruhusu vyakula na vinywaji vyenye bangi, kwa sharti kwamba kifurushi kimoja kisizidi miligramu 10 za THC.

## Kemia

THC haiyeyuki katika maji, bali katika mafuta na pombe. Pia jani bichi la mbangi lina THC kidogo sana: lina asidi yake, ambayo hugeuka kuwa THC inapopata joto. Ndiyo sababu bhang hutengenezwa kwa maziwa yenye mafuta, na majani yaliyochemshwa katika maji matupu hutoa nguvu ndogo isiyotabirika.

Viwanda hutatua tatizo hilo kwa kupasua mafuta ya bangi kuwa matone madogo mno yanayoelea ndani ya maji bila kujitenga. Kazi hiyo huhitaji mashine na maabara ya kupima kila toleo.

## Athari mwilini

Bangi inayovutwa hufika kwenye ubongo ndani ya dakika chache. Inayonywewa hupita kwanza tumboni na kwenye ini, ambako sehemu ya THC hubadilishwa kuwa kemikali nyingine yenye nguvu ya kulevya. Kwa kawaida athari huanza baada ya dakika 30 hadi saa 2, hufikia kilele ndani ya saa 4, na huweza kudumu hadi saa 12. Vinywaji vya kiwandani vyenye matone madogo huweza kuanza mapema zaidi.

Kuchelewa huko ndiko chanzo cha ajali nyingi. Mtu hunywa, haoni kitu, huongeza kikombe cha pili, kisha vikombe vyote viwili humfikia kwa pamoja.

Dalili za kuzidisha ni:
* moyo kwenda mbio
* kizunguzungu na kutapika
* hofu kubwa, kuchanganyikiwa au kuona yasiyokuwepo
* usingizi mzito

Kwa mtu mzima mwenye afya kifo kwa bangi peke yake ni nadra sana, lakini hatari ni kubwa zaidi kwa wenye ugonjwa wa moyo, wenye historia ya maradhi ya akili, wajawazito, na wanaochanganya bangi na pombe au dawa za usingizi. Kuendesha chombo cha moto au kwenda baharini katika hali hiyo ni hatari kwa mhusika na kwa wengine.

## Watoto

Watoto ndio walio katika hatari kubwa zaidi. Kinywaji cha bangi chenye sukari, maziwa au maji ya matunda hakitofautiani kwa sura na kinywaji cha kawaida, na kiasi kinachomlevya mtu mzima kidogo tu kinaweza kumfanya mtoto mdogo alale asiamke, alegee mwili au apumue kwa shida.

Mtoto aliyekunywa kinywaji cha namna hiyo hupelekwa hospitali mara moja bila kungoja dalili. Hatapishwi, wala halazimishwi kunywa maziwa. Akiwa amelala hulazwa ubavu ili matapishi yasimkabe. Kumweleza daktari wazi kwamba ni bangi huokoa muda, kwa sababu dalili zake hufanana na za malaria kali, homa ya uti wa mgongo au sumu nyingine, na mtoto anaweza kupewa matibabu yasiyomhusu wakati sababu imefichwa.

## Utengenezaji wa nyumbani

Mahali ambapo ni halali, watu wengine hutengeneza vinywaji hivi wenyewe. Mamlaka za afya za nchi hizo hutaja hatari zifuatazo:

* Nguvu haijulikani. Bila maabara haiwezekani kujua ni miligramu ngapi za THC zimo katika kikombe.
* Mafuta hujitenga. Huelea juu, hivyo kikombe kimoja hukosa THC na kingine kutoka chombo kilekile huzidi.
* Moto. Kukamua bangi kwa spiriti au gesi karibu na jiko la mkaa au la gesi kumesababisha milipuko na majeraha makubwa.
* Kuharibika. Mafuta yaliyolowekwa majani na kuachwa nje ya jokofu huweza kuota bakteria wa botulizimu.
* Kukosa alama. Chupa isiyoandikwa hunywewa na asiyejua.

Ushauri unaotolewa huko ni kutumia bidhaa iliyopimwa, kuanza na miligramu 2.5 au chini yake, kungoja hadi athari ionekane kabla ya kuongeza, na kufungia kinywaji mahali ambapo mtoto hafiki. Kumpa mtu kinywaji cha bangi bila yeye kujua ni kumtilia dawa, na ni kosa hata katika nchi zilizohalalisha.

## Pemba na Zanzibar

Dawa za kulevya si jambo la Muungano. Tanzania Bara hutumia sheria ya mwaka 2015, na Zanzibar ina sheria yake, ambayo kwa sasa ni ya mwaka 2021 iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya Zanzibar. Zote mbili huhesabu bangi kuwa dawa ya kulevya, ikiwa kavu, mafuta au iliyochanganywa na chakula au kinywaji. Mgeni aliyetoka katika nchi iliyohalalisha hana msamaha wowote.

Wakazi wengi wa Pemba ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Wanazuoni wa Kiislamu walijadili suala la bangi tangu Zama za Kati: Ibn Taymiyyah (alifariki 1328) aliiweka hashishi pamoja na mvinyo, na mwanazuoni wa Kishafii al-Zarkashi (alifariki 1392) aliandika kitabu kizima juu ya uharamu wake. Kwa mujibu wa mafundisho hayo kinachozingatiwa ni kulevya, si pombe, hivyo kinywaji cha bangi hakiwi halali kwa kukosa pombe.

Vinywaji vya kawaida vya Pemba ni maji ya dafu, juisi ya miwa, ukwaju au embe, kahawa chungu ya barazani, na chai ya viungo yenye tangawizi, iliki, mdalasini na karafuu. Viungo hivyo vikali vinaweza kuficha ladha ya bangi, kwa hiyo mnywaji hawezi kutegemea ulimi wake kugundua kilichotiwa.

Hospitali kubwa za kisiwa ziko Chake Chake, Wete, na Mkoani (Hospitali ya Abdalla Mzee).

## Tazama pia

* Bangi
* Dawa za kulevya
* Karafuu
* Pemba (kisiwa)