Sakafu ya Boriti katika Mji Mkongwe wa Unguja

Neno "sakafu" latumika katika madarasa yetu kila siku, lakini ni wachache wanaojiuliza lilikotoka. Asili yake ni Kiarabu, na katika lugha hiyo maana yake ni paa au dari. Mgeuko huo haumshangazi aijuaye nyumba ya mawe ya pwani, kwani kilicho dari kwa aliye chini ni sakafu kwa aliye juu. Katika makala hii twakusudia kueleza jinsi sakafu hiyo ilivyojengwa katika Mji Mkongwe wa Unguja, kwa nini hubonyea, na namna ifaavyo kutengenezwa.

Nyumba nyingi za mji huo zilijengwa katika karne ya 19 kwa mawe ya matumbawe na kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma mawe hayo hayo. Mafundi walilaza boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, wakapanga mawe juu yake, kisha wakamwaga zege la chokaa na kokoto. Zege hilo lilipigwa kwa vipande vya mti siku kadhaa, huku wapigaji wakiimba, hata likashikamana. Na kwa kuwa boriti haifai kuvuka nafasi izidiyo mita 3 hivi, vyumba vikawa virefu na vyembamba.

Adui mkubwa wa sakafu hii ni maji. Paa likivuja, unyevu huingia ukutani, na ncha za boriti zilizofichwa humo huoza au huliwa na mchwa, hali sehemu ionekanayo chumbani ni nzima. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, zikakaliwa na familia kadhaa pamoja, na matengenezo yakapungua. Tena wako waliosawazisha sakafu iliyobonyea kwa kuongeza tabaka la saruji. Dawa hiyo huzidisha ugonjwa, maana uzito huongezeka na saruji huzuia unyevu usitoke.

Fundi mjuzi huanza kwa kuziba mvujo. Kisha huitegemeza sakafu kwa nguzo za muda, huondoa tabaka zilizoongezwa, hubadilisha boriti zilizooza, na kurudisha chokaa mahali pa chokaa. Hailazimishi sakafu kuukuu inyooke kama meza. Ikiwa imara, mbonyeo mdogo hauna madhara.

Mamlaka ya kuuhifadhi mji huo iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO iliuandika katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka lilipokuwa likitengenezwa, na watu wawili wakafa. Ni dhahiri kwamba kuhifadhi majengo ni pia kuhifadhi uhai wa watu.

Sisi tufundishao Kiswahili mbali na pwani hatuna boriti za kubadilisha, lakini tunayo maneno yake. Boriti, pau, fito, tanuu, chokaa: yote haya yalizaliwa kazini, na kazi ikisahauliwa hubaki kamusini tu. Yafaa basi, walimu wenzetu, tunapoyafundisha tuwaeleze wanafunzi pia kazi iliyoyazaa.