Alama Tano za Makalasinga

Reli ya Uganda ilipojengwa, tangu mwaka 1896 hata 1901, walikuja pamoja na wajenzi wengine mafundi wa dini ya Sikh, wenye vilemba na ndevu ndefu, nasi tukawaita Makalasinga. Wengi wetu twakijua kilemba tu. Walakini kilemba hakimo katika zile alama tano ambazo Sikh aliyekwisha kuingizwa kwa ibada huamriwa kuwa nazo mwilini: nywele zisizokatwa, kitana cha mti, bangili ya chuma, suruali fupi ya ndani, na upanga mfupi. Kilemba kazi yake ni kuzisitiri nywele.

Asili yake ni Panjab, kaskazini ya Bara Hindi. Mwaka 1675 mwalimu wao wa tisa, Guru Tegh Bahadur, alikatwa kichwa mjini Delhi kwa amri ya mfalme Aurangzeb. Mwanawe, Gobind, alikuwa mtoto wa miaka tisa. Masimulizi yao yasema kwamba siku ile wafuasi wengi walijificha katika watu, kwani hapakuwa na alama ya kuwatambulisha.

Mwaka 1699, siku ya sikukuu ya Vaisakhi, Gobind, naye sasa ndiye Guru, alisimama mbele ya mkutano kule Anandpur, upanga mkononi, akauliza ni nani atakayetoa kichwa chake. Watu kimya. Mwisho wakainuka watano, mmoja mmoja, kila mtu na tabaka yake, miongoni mwao mkulima, mchota maji na kinyozi. Hakuwaua. Aliwanywesha maji yenye sukari yaliyokorogwa kwa upanga, kisha yeye mwenyewe akawaomba wamnyweshe vile vile. Wote wakaitwa Singh, yaani simba. Nasi twastaajabu kidogo kuona kinyozi katika watu wa kwanza kuuacha wembe!

Upanga huwatisha wasiojua. Jina lake, kirpan, wao hulifasiri kuwa ni huruma na heshima. Haufutwi ila kumlinda mnyonge. Bangili haina mwanzo wala mwisho, kama Mungu, na humzuia mtu anaponyosha mkono kutenda ovu. Kitana ni unadhifu. Suruali ni kujizuia na tamaa.

Lakini nywele ndizo zilizoleta damu. Mwaka 1745, mjini Lahore, Taru Singh aliambiwa akubali kunyolewa apate kuishi. Alikataa. Husimuliwa ya kuwa ngozi ya kichwa ilichunwa pamoja na nywele zake, akafa baada ya siku kadhaa.