Nani Mwenye Jumapili Ilagala?

Jumapili asubuhi kivuko cha Ilagala hakina mapumziko. Upande huu wamesimama waendao Kajeje, upande wa pili wanakuja wenye mihogo, madumu ya mawese na magunia ya dagaa, na katikati Mto Malagarasi unapita taratibu, umebakiza safari fupi tu kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Waumini wanavuka na vitabu vya nyimbo mkononi. Wavuvi waliokesha ziwani wanapanda kutoka ufukweni macho mekundu, wanatafuta chai, na wengine wanatafuta kitu kikali kuliko chai. Kama kuna mahali ambapo mgeni angetarajia kukuta pombe imefungwa siku ya ibada, ni kwenye vijiji vya namna hii.

Sheria ya nchi haiifungi Jumapili. Tena inaifungulia. Sheria ya Vileo, namba 28 ya mwaka 1968, ambayo ndiyo inayosimamia leseni za baa na vilabu Tanzania Bara, iliweka saa za kuuza kwa kutofautisha siku za kazi na siku za mapumziko. Siku ya kazi baa ikae kimya mpaka saa 10 jioni, na ikifika saa 5 usiku ifungwe. Mwisho wa wiki na sikukuu, muda unaongezwa. Kwa hiyo mnywaji wa Ilagala anayetaka kunywa mchana bila kuvunja sheria anapaswa kungoja Jumamosi au hiyohiyo Jumapili ambayo padri na mchungaji wangependa aitumie kwingine.

Kwa msomaji anayejua habari za Ulaya na Marekani, jambo hili limekaa kichwa chini miguu juu. Huko sheria za pombe za Jumapili zilizaliwa kanisani. Wales walipata sheria yao mwaka 1881, baa zote zifungwe Jumapili nzima, na wazee wa makanisa wakaishangilia kama ushindi wa taifa. Kuanzia 1961 wilaya zikaruhusiwa kupiga kura kuamua zenyewe, na ile ya mwisho kushikilia marufuku, Dwyfor, iliachia mwaka 1996. Jimbo la Indiana, Marekani, liliwazuia watu kununua chupa dukani na kwenda nayo nyumbani siku ya Jumapili mpaka Machi 2018. Sheria hizo zilimwambia raia kwamba siku sita ni zake, ya saba ni ya Mungu.

Ya kwetu ilimwambia raia kwamba siku tano ni za taifa. Jirani zetu wa Kenya walifika hapohapo baadaye. Sheria yao ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi waliibatiza jina la mbunge wa Naivasha, John Mututho, iliruhusu baa kufungua saa 11 jioni Jumatatu hadi Ijumaa, lakini Jumamosi, Jumapili na sikukuu ikaruhusu kuanzia saa 8 mchana. Kwenye nchi zote mbili kinacholindwa ni kazi. Altare haimo.

Kwa nini iwe hivyo? Majibu yapo kwenye historia ndefu, na sehemu yake kubwa ilipita hapa kandokando ya ziwa.

Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipoingia Ujiji Februari 1858 walikuta soko lililochangamka, na Burton aliandika habari za mchikichi na tembo lake. Ujiji wakati huo ulikuwa tayari mji wa misafara, wenye Waswahili na Waarabu kutoka pwani wanaosali Ijumaa, na wenyeji waliokuwa na kalenda yao ya masoko na mavuno. Jumapili haikuwa na maana yoyote pale. Wamisionari wa London walifika 1878, Mapadri Weupe wakafuata 1879, na ndipo wiki yenye siku moja ya kengele ilipoanza kuingia kwenye maisha ya watu wa ziwani, polepole, kijiji kwa kijiji.

Wakati kengele hizo zikianza kulia, wakubwa wa dunia walikuwa wakizungumza habari ya pombe ya Afrika wakiwa mbali sana na Afrika. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliotiwa saini pia kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, ulilenga biashara ya watumwa, lakini humohumo ukawekwa mpaka wa kuzuia pombe kali zisimwagwe bara. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ukakaza zaidi. Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa, masharti ya udhamini wa mwaka 1922 yaliitaka iweke udhibiti mkali juu ya uuzaji wa pombe kali. Sipuuzi nia njema iliyokuwamo, kwa sababu pombe kali ya bei rahisi ilikwisha kuwaumiza watu wengi magharibi mwa Afrika. Lakini matokeo yake hapa nchini yalikuwa sheria zilizogawa vinywaji kwa rangi ya mtu. Mzungu alikunywa wiski yake klabuni, na Mwafrika alizuiwa kugusa vileo vya kizungu hadi miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili. Kilichobaki kwake kilikuwa pombe ya kienyeji, kwa kibali, mahali palipoidhinishwa, huku ada ikiingia serikalini.

Hapo ndipo mamlaka ya kijiji juu ya pombe yalipopata maandishi. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, iliwapa machifu uwezo wa kutoa amri za kuzuia au kusimamia upikaji, uuzaji na unywaji wa pombe katika maeneo yao. Chifu aliweza kusema pombe isipikwe wakati wa njaa, nafaka zikihifadhiwa, au isiuzwe wakati wa kulima. Ukiisoma kwa makini utaona mbegu ya sheria ya 1968 imekwisha kupandwa: pombe ingoje, kwanza jembe.

Uhuru haukuing'oa mbegu hiyo, uliimwagilia maji. Mwaka 1966 Bunge lilipitisha Sheria ya Moshi, iliyokataza kutengeneza gongo bila leseni, na neno la mtaani, "moshi", likaingia kwenye kitabu cha sheria likiwa na herufi kubwa. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Watu wengi hulikumbuka kwa mabenki na mashamba makubwa, lakini limo pia onyo kuhusu nguvu za mamilioni ya watu zinazopotea kwenye umbea, ngoma na ulevi, nguvu ambazo zingejenga nchi kuliko fedha za kuomba. Mwaka mmoja baadaye ikapitishwa Sheria ya Vileo, ikiweka bia ya chupa na pombe ya kienyeji chini ya paa moja, na ikiamuru saa za siku ya kazi. Kwangu mimi, sheria hiyo ni ndugu wa Azimio. Inasomeka kama kauli ya nchi changa iliyohofia kukutwa imelala saa 4 asubuhi.

Na Kigoma ndiyo ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuonja ukali wa siasa hiyo ya kazi. Operesheni Kigoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilihamisha watu kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwakusanya kwenye vijiji. Kijiji kikapata ofisi, bendera, mwenyekiti na katibu, na saa za kazi za pamoja zikawa jambo la serikali. Jumapili, hata hivyo, iliachwa. Wazee wakikumbuka katazo la Jumapili la enzi hizo, watakutajia magari: mafuta yalipoadimika, gari binafsi halikuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa 8 mchana. Dereva ndiye aliyekamatwa.

Ingewezekana kuitunga sheria ya Jumapili hapa Kigoma? Nadhani mtu angekwama kabla ya kumaliza sentensi ya kwanza, kwa sababu angelazimika kusema siku ya ibada ni ipi. Ujiji ni mji wa Kiislamu, Ijumaa ndiyo inayosimamisha shughuli, na Ramadhani inafanya zaidi ya tangazo lolote la afisa biashara. Buha ina Wasabato wengi, wenye hospitali yao kongwe ya Heri, na kwao siku takatifu ni Jumamosi, ambayo serikali imeirefushia saa za baa kama Jumapili. Wakatoliki na Waanglikana wana Jumapili, lakini hata wao hawakulelewa sawa: Waanglikana wa Kasulu walipokea uamsho uliowataka waache pombe kabisa, na Mkatoliki wa kawaida hakuwahi kuambiwa kuwa kikombe cha pombe ya ndizi ni dhambi, ila kulewa. Nchi isiyo na dini ilifanya busara kutochagua.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani ni zito kuliko la dini, na halizungumzwi vya kutosha. Sheria ya 1968 iliandikwa kwa ajili ya mtu anayefanya kazi mchana. Mvuvi wa dagaa hafanyi kazi mchana. Vipe, yaani vyombo vya kuvulia, vinatoka jioni, taa zinawashwa gizani kuvuta dagaa, iwe karabai ya zamani au taa za siku hizi, na nyavu zinanyanyuliwa usiku kucha. Saa 10 jioni, wakati sheria inamfungulia baa, ndipo anapotengeneza chombo kuingia ziwani. Saa 2 asubuhi, wakati sheria inamfungia, ndipo siku yake ya kazi inapokwisha, mfukoni ana fedha na mwilini ana baridi. Anakunywa kwa siri, na cha siri mara nyingi ni gongo.

Hata wiki yake si ile ya kalenda ya ukutani. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina kazi, dagaa hawakusanyiki, na vyombo vinakaa ufukweni siku kadhaa mpaka giza lirudi. Hayo ndiyo mapumziko ya mvuvi, na ndizo siku ambazo vilabu vya pwani hujaa, iwe Jumanne au Alhamisi. Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaane, mapumziko yakawa ya miezi mitatu. Hakuna saa za baa zilizofikiria hali hiyo.

Mpika pombe naye ana kalenda yake. Pombe ya ndizi huanza kwa kuivisha ndizi, kuzikamua, kuchanganya maji yake na unga wa mtama uliokaangwa, kisha kuiacha ichachuke. Ikiiva inatakiwa iuzwe, maana baada ya siku chache inakuwa siki. Mama aliyepika Alhamisi au Ijumaa anategemea wateja wa Jumapili baada ya ibada, na kwenye mtungi huo kuna sare ya shule na mafuta ya taa. Ukifunga Jumapili bila kumpa njia nyingine, utakuwa umemfunga yeye kwanza, wakati mwenye baa ya bia za chupa anaweka bidhaa zake kabatini akingoja Jumatatu.

Siandiki haya kuitetea pombe. Nimeona nyumba zilizovunjika Jumapili jioni, na sijasahau sauti zake. Marufuku ya viroba vya pombe kali iliyoanza 1 Machi 2017 niliifurahia kwa moyo wote, kwa sababu kifuko kile cha bei ya chini kiliingia mfukoni mwa mwanafunzi na mwa mvuvi bila mtu kujua, na mtu aliyelewa juu ya chombo katikati ya ziwa yuko hatua moja na maji. Katazo lile lilifaa kwa kuwa lilishika kitu chenyewe, kiroba, likawaachia watu siku zao.

Kinachowezekana Ilagala leo kipo kwenye sheria nyingine, ile ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), namba 7 ya mwaka 1982. Inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kupendekeza sheria ndogo, mapendekezo yakapelekwa mkutano mkuu wa kijiji, kisha yakaidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya, ambayo kwa Ilagala ni ya Uvinza. Ndani ya njia hiyo kijiji kinaweza kusema klabu isikae jirani na shule au zahanati, pombe isiuzwe kwa mtoto, muziki uzimwe wakati wa ibada ya dini yoyote, chombo kisiondoke na mlevi ndani. Kinaweza pia kujadili saa zinazomfaa mtu anayekesha ziwani, na kuipelekea wilaya hoja hiyo.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi 3, na mjumbe wake ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Mpika pombe ni mjumbe, mvuvi ni mjumbe, mke wa mvuvi ni mjumbe, shehe, katekista na mzee wa kanisa la Wasabato nao ni wajumbe. Ndugu msomaji wa Ilagala, Kajeje na vijiji vyote vya ziwani, mkutano ujao ukitangazwa nenda, omba sheria ndogo za kijiji chako zisomwe kwa sauti, na suala la pombe liwekwe kwenye ajenda.